Pumu Mombasa: dawa ya kufungua iko kila kona, ya kutuliza uvimbe iko wapi?

Ingia duka la dawa lolote kuanzia Mwembe Tayari mpaka Bombolulu, useme kifua kimebana. Hutoki mikono mitupu. Utapewa inhela ya buluu ya salbutamoli, au tembe za salbutamoli zilizofungwa kwenye karatasi, pengine na sindano juu yake. Steroidi ya kuvuta, ambayo ndiyo inayotibu ugonjwa wenyewe, ni nadra kutoka nayo. Ama haipo rafuni, ama bei yake inakushinda, ama hakuna aliyekueleza kuwa unaihitaji. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika matibabu ya pumu hapa kwetu, na linaua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, na wengi wao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Pumu ni uvimbe. Vijia vya hewa ndani ya mapafu vimevimba na vina ute hata siku ambayo mgonjwa anapanda ngazi bila shida. Salbutamoli hulegeza misuli inayovibana vijia hivyo, basi. Uvimbe haiugusi. Ndiyo maana nafuu yake hudumu saa nne hadi sita, halafu mambo yanarudi palepale. Ikitumika peke yake kila siku, mwili unaizoea na kifua kinakuwa chepesi zaidi kuchokozeka.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 jopo la GINA, linaloandika mwongozo wa pumu unaofuatwa duniani, liliacha kabisa kupendekeza salbutamoli peke yake kwa mtu wa miaka 12 na zaidi. Inhela moja ya buluu ina mipulizo 200. Anayemaliza tatu au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa vibaya. Anayemaliza moja kila mwezi, hatari yake ya kufa imepanda. Hesabu za kwako unaweza kuzifanya sasa hivi, bila kipimo wala daktari.

Tiba iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ni inhela moja yenye dawa mbili: budesonaidi, steroidi ya kutuliza uvimbe, na formoteroli ya kufungua. Mgonjwa wa pumu nyepesi anaivuta pale anapobanwa, na kila anapojifungua anajitibu pia. Katika utafiti wa SYGMA 1, uliochapishwa 2018, waliotumia hivyo walipungukiwa na mashambulizi makali kwa asilimia 64 wakilinganishwa na waliotumia dawa ya kufungua peke yake.

Hapa kuna kosa linalofanyika sana kaunta. Inhela zenye dawa mbili ni za aina nyingi, na si zote zinazofaa kutumiwa wakati wa kubanwa. Formoteroli hufanya kazi ndani ya dakika chache. Salmeteroli, nayo ya kufungua, huchelewa. Ukiuziwa flutikasoni (steroidi) na salmeteroli ukaambiwa "hii pia ni kombo", yaani ina dawa mbili, usiivute wakati wa shambulio ukitarajia ikufungue. Hiyo ni ya asubuhi na jioni tu. Soma majina mawili yaliyoandikwa kwenye boksi, usitazame rangi ya plastiki.

Na kama kombo ya formoteroli haipatikani au inakushinda? Hapa utafiti wa PREPARE wa mwaka 2022 unatufaa sana, na naona haujasemwa vya kutosha huku kwetu. Ulifanyika Marekani na Puerto Rico kwa watu wazima 1,201, Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, wote wenye pumu ya wastani hadi kali. Waliendelea na dawa zao za kawaida. Kilichoongezwa ni beklometasoni, steroidi ya kuvuta: kila walipotumia dawa ya kufungua, waliivuta na hiyo pia. Mafunzo waliyopewa yalikuwa mafupi, ya mara moja. Mashambulizi makali yalipungua kwa asilimia 15. Si muujiza, lakini ni kwa watu ambao tafiti nyingi huwaacha nje, na kwa njia ambayo haihitaji mashine wala mtaalamu bingwa.

Kwa hiyo, mwenye pumu nyepesi ambaye uwezo wake ni inhela mbili tofauti anaweza kuziweka mfuko mmoja: kila akivuta ya buluu, anavuta na beklometasoni papo hapo. Mwongozo wa GINA unairuhusu njia hii. Mwenye dalili siku nyingi za wiki, au anayeamshwa na kikohozi usiku, huyo anahitaji steroidi ya kila siku, na dozi yake ipangwe kliniki.

Woga wa steroidi naujua, na una msingi kwa upande mmoja. Tembe za prednisoloni, steroidi ya kumeza, zikirudiwa mara kwa mara zinaharibu mifupa, zinapandisha sukari, zinatia mtoto wa jicho. Lakini tazama vipimo: dozi ya siku moja ya prednisoloni kwa mtu mzima aliyeshikwa ni miligramu 40, yaani mikrogramu 40,000. Mpulizo mmoja wa budesonaidi ni mikrogramu 200 hivi, na unakwenda moja kwa moja kifuani. Nguvu za dawa hizi mbili hazilingani gramu kwa gramu, hilo ni kweli, ila anayekwepa inhela mara nyingi ndiye anayeishia kumeza tembe hizo hizo anazoziogopa, mwaka baada ya mwaka.

Watoto wetu wako nyuma zaidi. Utafiti wa ACACIA, uliochapishwa 2024, uliwauliza wanafunzi zaidi ya 27,000 katika miji sita ya Afrika, Kampala ukiwemo. Asilimia 12 walikuwa na dalili za pumu, na kati ya hao ni kama mmoja tu kwa kila watano aliyewahi kuambiwa na daktari kuwa ana pumu. Waliobaki huitwa watoto wa kifua, wanaopewa antibayotiki na dawa za maji za kikohozi kila msimu wa mvua.

Hata dawa ikipatikana, nyingi hupotelea kinywani. Mtoto hawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta, na mtu mzima aliyebanwa naye hawezi. Anahitaji spesa, chemba ya kushikilia dawa kabla haijavutwa. Za dukani ni ghali, lakini utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Chupa isiyozibwa ilikuwa dhaifu zaidi, na kikombe cha povu kilikuwa dhaifu kuliko zote.

Itengeneze hivi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe na uiache ikauke. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, ule wa kutilia kinywani. Umbo lake ni yai, si duara. Pasha waya huo kwenye jiko, kisha ubonyeze kwenye kitako cha chupa kwa sekunde kumi hivi mpaka plastiki ilainike na tundu litokee. Plastiki ikiwa bado moto, ingiza inhela ili tundu liukumbatie mdomo wake. Ziba mwanya uliobaki kwa gundi. Mgonjwa anatia kinywani shingo ya chupa. Usikate tundu kwa kisu: linatoka pana, dawa inavuja pembeni, na vipande vya plastiki vinabaki ndani.

Kabla ya kuitumia, isuuze chupa kwa maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, imwage, uiache ijikaukie bila kuisuuza tena na bila kuifuta. Watu huona ajabu, lakini ule utando wa sabuni unazuia umeme tuli, ambao huvuta dawa ikagandamana na ukuta wa chupa. Rudia kila wiki. Kuvuta: tikisa inhela, bonyeza mara moja, mgonjwa apumue kawaida mara tano au sita ndani ya chupa. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, rudia. Kubonyeza mara mbili tatu kwa mpigo ni kupoteza dawa, kwa sababu matone yanagongana na kuanguka. Mtoto mdogo asiyeweza kufumba midomo kwenye shingo ya chupa anahitaji barakoa inayokaa sawasawa usoni.

Vidonge vya unga vya kuvuta vina matatizo yao, hasa katika hewa ya pwani. Kwanza, wapo wanaovimeza, kwa sababu vinafanana na kapsuli nyingine yoyote na muuzaji hakusema kitu. Pili, unga hunyonya unyevu. Toa kapsuli moja tu wakati wa kutumia, usizimimine kwenye kikopo, wala usipumulie ndani ya kifaa kabla ya kuvuta. Tatu, uvutaji wake ni kinyume cha inhela ya kubonyeza: unga unavutwa kwa kasi na kwa nguvu, ya kubonyeza inavutwa polepole na pumzi inashikwa sekunde kumi. Aliyebadilishiwa kifaa bila kufundishwa upya atakwambia dawa mpya haifanyi kazi.

Mgonjwa akishikwa na shambulio: mipulizo 4 hadi 10 ya salbutamoli kupitia spesa kila dakika 20 katika saa ya kwanza, kwa mtoto wa miaka mitano kwenda chini, 2 hadi 6. Ianze nyumbani na iendelee njiani. Aliye Likoni asingoje kuvuka feri ndiyo aanze. Tembe za salbutamoli hazifai hapa, zinachelewa na zinatia mtetemo na moyo kwenda mbio. Sindano ya aminofilini mshipani, dawa ya zamani ya kufungua kifua, GINA haiipendekezi. Asiyeweza kumaliza sentensi, anayeanza kusinzia, ambaye ngozi inazama katikati ya mbavu, au ambaye kifua kilichokuwa kikipiga filimbi kimenyamaza ghafla, huyo ni wa hospitali mara moja. Kwenye ngozi nyeusi ubuluu hauonekani usoni. Fungua kinywa utazame ulimi na fizi.

Usitulizwe na kipimo cha oksijeni cha kidoleni peke yake. Mwishoni mwa 2020, watafiti wa Michigan walionyesha kuwa kwa wagonjwa ambao kifaa kilisoma asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ya damu ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya Weusi, dhidi ya asilimia 3.6 ya Wazungu. Mwanga wa kifaa unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inauchanganya. Mtoto anayesoma 94 huku mbavu zinazama si mtoto wa kurudishwa nyumbani. Kidole chenye piko, ile rangi nyeusi ya urembo, kiepuke pia, weka kifaa kwenye kidole kisichopakwa.

Spairometa, mashine ya kupima pumzi, nayo ilikuwa na kasoro ya aina hiyo, tena ya kuwekwa kwa makusudi. Kwa miaka mingi mashine ziliambiwa kuwa mapafu ya mtu Mweusi kwa kawaida ni madogo, hivyo pumzi pungufu ikasomwa kuwa sawa. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza hesabu moja kwa watu wote, iitwayo GLI Global. Mashine nyingi za zamani bado zina mpangilio wa awali, basi muulize anayekupima imewekwa ipi. Pasipokuwa na spairometa, kipimo cha mkono cha kasi ya pumzi kinatosha kuanzia: puliza mara tatu uchukue kubwa, vuta mipulizo minne ya salbutamoli, ngoja dakika 15, puliza tena. Ikipanda kwa asilimia 20, tuseme kutoka 300 hadi 360, hiyo inaelekeza kwenye pumu.

Nimetaja piko, na siwezi kuipita hivi hivi. Hina halisi ni majani, na ni nadra kudhuru. Piko nyeusi ya maharusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye PPD, kemikali inayoleta mzio mkali wa ngozi. Ulaya inaruhusiwa kwenye nywele isizidi asilimia 2, na kupakwa kwenye ngozi hairuhusiwi. Anayetoka malengelenge kufuata mchoro wa ua siku chache baada ya harusi ameshapata mzio huo, na utabaki naye. Akija kupaka rangi nywele baadaye, uso unaweza kuvimba hadi macho yasifunguke. Watoto wasipakwe kabisa.

Ndani ya nyumba, moshi ndio wa kushughulikiwa kwanza: jiko la makaa chumbani, dawa ya mbu ya kuwasha, ubani na udi. Sisemi tuache kufukiza. Fukiza milango ikiwa wazi, mwenye pumu akae nje mpaka moshi uishe, na nguo zilizofukizwa zipigwe na hewa kabla ya kuvaliwa. Vijidudu vya vumbi hupenda unyevu, nao hapa haukosekani. Kufunika godoro na kufua mashuka kwa maji ya moto kunasaidia kiasi, lakini hakuchukui nafasi ya dawa. Moshi wa malori ya Changamwe na Miritini hauzuiliwi na pazia, na si haki kumtupia mama wa nyumba mzigo huo. Ni kazi ya kaunti na ya bandari.

Mfungo wa Ramadhani ni wakati ambao wengi huacha inhela ya kinga kabisa, na kifua kinaharibika kufikia wiki ya pili au ya tatu. Kuhusu kuvuta dawa mchana wanavyuoni wametofautiana, muulize sheikh unayemwamini. Mgonjwa aliyebanwa ana ruhusa ya kufungua saumu na kuilipa. Lakini steroidi ya mara mbili kwa siku haina mgogoro huo, inaingia sawasawa kwenye futari na daku. Ivute daku kabla ya kupiga mswaki, kisha sukutua mpaka kooni na uteme, maana ikibaki kinywani huleta utando mweupe na sauti ya kukwaruza.