Mtumbwi, taa na dagaa: gemu yangu ya kwanza

Miezi miwili nilikuwa nashusha video za kujifunza kutengeneza gemu kwa bando la usiku. Nikaangalia watu wakijenga miji na magari ya mbio, na kwenye skrini yangu hakuna hata kitu kimoja kinachotembea. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, na zile injini kubwa, yaani programu za kutengenezea gemu, zilikuwa zinaigandisha kabla sijafungua mradi.

Kilichonitoa hapo ni Godot. Ni injini ya bure, kazi iliyoanzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ukiuza gemu yako hawakudai chochote. Haina hata haja ya kusakinishwa, unafungua faili unaanza kazi. Kama mashine yako ni ya zamani, unapoanzisha mradi kwenye njia za kuchora picha chagua Compatibility iliyo nyepesi, achana na Forward+. Ningelijua hilo mapema ningeokoa wiki nzima.

Nilitaka gemu ya vita. Nikaiacha, nikachukua ninachokiona kila jioni Kibirizi, hapa Kigoma, mitumbwi ikiingia Ziwa Tanganyika na taa zake.

Kwenye Godot kila kitu ni nodi, kipande kidogo chenye kazi yake, na nodi zikipangwa pamoja zinakuwa sini (scene). Mtumbwi wangu ni sini moja yenye picha, umbo la kugongana na taa. CanvasModulate ikaleta usiku, PointLight2D ikawa karabai. Nilipobonyeza F5 nikaona duara la mwanga likielea juu ya maji niliyoyachora mwenyewe, nilikaa kimya kwa muda.

Wavu ndio ulionikesha. Nimeandika velocity.y = 100, yaani kasi ya kwenda juu au chini, ili upande juu, wenyewe unazama. Nafuta, naandika upya, unazama. Kumbe kwenye 2D namba za Y zinaongezeka kwenda chini, kwa hiyo kupanda ni hasi. Nikaweka -100, ukapanda.

Jumapili mjomba wangu alipita dukani kwangu eneo la Mwanga kutoa kopi. Amevua dagaa tangu sijazaliwa. Nikamwonyesha. Alitazama dagaa wangu wakiikimbilia taa kama kuku waliomwagiwa mahindi, akatikisa kichwa.

"Hawaji hivyo, mjomba. Wanakuja taratibu, wanazunguka kwanza. Na huo mwezi mkubwa umeuweka wa nini? Mbalamwezi ikiwaka hivyo sisi tunalala nyumbani."

Injini ilikuwa imenipa mwendo, mwanga na kugongana, vitu ambavyo ningehangaika navyo mwaka mzima. Lakini habari ya mwezi haimo kwenye injini yoyote, ilibidi itoke kwa mvuvi. Nikazungushia taa Area2D, nodi inayohisi kitu kikiingia eneo lake, dagaa akiingia humo anapunguza mwendo na kuanza kuzunguka. Nikaongeza kalenda. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, na mchezaji anabaki ufukweni kushona nyavu. Sehemu hiyo ya kushona ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Juzi karudi, kacheza mwenyewe safari hii. "Wavu wako mwepesi mno," akasema. "Wenye samaki haupandi hivyo."

Nimeshaanza kuurekebisha. Kila dagaa anayeingia anapunguza kasi ya wavu kidogo. Wakifika mia tatu unapanda kwa taabu, na mchezaji lazima aamue avute au amwage.