Kasa analia: nilivyowafunza watoto wa gredi ya 4 kufupisha habari

Nafunza gredi ya 4 hapa Lamu, darasa lina watoto 47, na kwa muda mrefu neno nililolichukia kuliko yote ni "fupisha". Manake ukiwaambia watoto haya fupisheni hii habari, wanakili sentensi ya kwanza, waruka katikati kama hawaioni, wanakili ya mwisho, halafu daftari laletwa mezani kwa mbio eti ticha nimemaliza. Mwandiko mzuri, nukta zimewekwa, lakini muulize mtoto hiyo habari ilikuwa inasema nini akutolee mato tu.

Na usidhani hawajui kufupisha, wallahi wanajua. Mpe hadithi ya sungura na fisi atakueleza kwa pumzi moja, sungura alikuwa na njaa, fisi akamzuia, sungura akatumia ujanja, kwisha. Hadithi ina mtu anayetaka kitu na kuna kinachomzuia kwa hivo mtoto ana pa kushika. Habari haina sungura. Ina mambo tu, na kwa mtoto mambo yote yako sawa, namba iko sawa na sababu, mfano uko sawa na jambo lenyewe, sasa aache lipi abebe lipi?

Nilianza na habari ya kasa, yule kobe wa baharini, niliiandika mwenyewe aya nne manake nilitaka kitu wanachokijua. Nikasema kasa jike huja ufuoni usiku akachimba shimo akataga mayai kama mia hivi, mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, mchanga ukiwa na joto sana wanaototoka huwa wengi wao wa kike. Nikaweka na ile ya macho, kwamba kasa hutoa chumvi iliyozidi mwilini kupitia tezi zilizo karibu na macho ndio maana akiwa nchi kavu utaona kama analia. Halafu aya mbili za mwisho zikawa ndio shabaha yangu: taa za majumba ya ufuoni zinawapoteza watoto wa kasa wakitoka, plastiki anaila akidhani ni yavuyavu, watu wanachimbua mayai na kumla nyama yake na sheria imekataza, ndio maana kasa wamepungua.

Nikasahihisha jioni. Karibu darasa zima wameandika kasa analia. Wengine hiyo tu! "Kasa hulia akitaga mayai." Niliteka, yaani nilicheka, peke yangu kisha nikaudhika, lakini ukweli ni kwamba kosa lilikuwa langu, nimewawekea peremende katikati ya chakula halafu nataka wakumbuke ugali.

Wiki ya pili nikaleta mbinu ya maneno 20, niliipata kwa mwalimu mwenzangu. Habari yote iingie kwa maneno ishirini, ukizidisha nakata maksi. Hii ilikuwa balaa. Watoto waligeuka kuwa makarani wa kuhesabu, mmoja alinakili sentensi mbili nzima nzima akafuta kila "na" mpaka zikafika ishirini kamili, akaja ananionyesha na vidole. Huwezi hata kumgombeza, amefanya ulichomwambia. Sikuizi siwapi idadi ya maneno kabisa, labda wakifika juu huko.

Kilichonifungua mato hakikutoka kwa kozi wala kwa kitabu. Jioni moja nimepita mtaa wa Mkomani nikamkuta mwanafunzi wangu mmoja kakaa dakani, pale barazani mlangoni, na bibi yake, bibi anasuka ukili, na mtoto anamsomea ile ile habari ya kasa kutoka kwa daftari. Anasoma vizuri, Kiswahili sanifu, sauti ya darasani. Bibi kamsikiza mpaka mwisho akamuuliza, "Waniambiani?" Yaani ndio nini hicho unachoniambia. Mtoto akarudia kusoma. Bibi akauliza tena waniambiani, sasa ametua ukili chini. Mtoto akafunga daftari, akafikiri kidogo, akasema kwa Kiamu chake, Kiswahili chetu cha Lamu, "Wana wa kasa wakitoka mtangani wakiona taa za watu wapotea ndia, hawendi baharini." Bibi akasema aa, haya, na watu hawazimi taa?

Nilisimama hapo nikaona nimekosea wapi miezi yote hii. Mtoto akifupisha kwa Kiswahili cha kitabu yuko na maneno ya kitabu pale pale mbele yake, kwa nini asiyachukue? Lakini kitabu hakikuandikwa kwa Kiamu. Akiambiwa aseme kwa Kiamu hana pa kunakili, ni lazima kwanza aelewe, halafu atafute maneno yake kichwani. Na bibi hataki maneno mengi, ana ukili wake wa kusuka.

Basi kesho yake nikabadilisha. Soma habari mara mbili, funga kitabu, geukia mwenzio, mwambie kwa lugha ya kwenu. Mwenzio kazi yake ni moja, kuuliza "waniambiani?" mpaka aelewe. Darasa lilikuwa kama soko la samaki lakini zile kelele nilizipenda. Nina watoto wa Kibajuni, Wagiriama, na wengine wazazi wao ni wa bara, kila mmoja nikamwambia tumia ya nyumbani kwenu, na wasiokuwa na lugha moja wakatumia Kiswahili hicho cha mtaani, cha kucheza mpira. Hata hicho kilifaa, manake hakuna kitabu kilichoandikwa hivo pia. Mwenzangu mmoja wa stafurumu aliniuliza kama sasa nafunza Kiswahili ama nakibomoa. Sikumjibu sana.

Machozi ya kasa ndio yalikuwa mtihani wa kwanza. Mtoto anaanza "kasa hulia", mwenzie anamuuliza waniambiani, anakwama. Anajiona mwenyewe kuwa hiyo haiendi popote, ni tamu lakini haibebi kitu. Sikuwaambia waitoe. Nikawauliza tu, ukiitoa hiyo, habari inaanguka? Wakasema haianguki. Na taa je? Hapo wakabishana, mmoja akasema ukitoa taa bado kuna plastiki na watu wanaokula mayai, mwengine akasema basi tuseme zote ni "watu wanamharibia". Nilitamani kumbeba begani yule, manake ndio ufupisho wenyewe huo, mambo matatu yameingia ndani ya moja na hakuna aliyemwambia afanye hivo.

Kutoka mdomoni kwenda kwa daftari hapo ndipo penye kazi, nisiwadanganye. Mtihani hautaki Kiamu. Kwa hivo hatua ya mwisho ni kuandika kile ulichosema, kwa Kiswahili sanifu, kitabu kikiwa bado kimefungwa, na ukishamaliza ndio unafungua kuangalia kama umesema uongo. Mwanzo walikuwa wakiandika "muyi" na "ndia" na "matozi", nikawa nazunguka dawati kwa dawati, tunalibadilisha neno moja moja, muyi ni mji, ndia ni njia, matozi ni machozi. Sikukata maksi kwa hayo. Ilichukua karibu muhula mzima na wako ambao mpaka leo wakifungua kitabu kuhakikisha mkono unaanza kunakili wenyewe, mtoto hata hajui.

Kuna jambo moja lilinishinda kidogo nalo ni kukusanya. Tulisoma habari ya mikoko, mnajua zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu, ikataja mkoko, mchu, mkandaa, muia, halafu ikasema mizizi yake inazuia udongo usibebwe na maji na samaki wadogo wanakua humo, ikataja changu, tafi, na wengine. Nikawaambia ile orodha ya miti tuseme "mikoko", na ile ya samaki tuseme "samaki". Miti hawakuwa na neno. Lakini kijana mmoja baba yake ni mvuvi akakataa katakata. Ticha, changu si tafi. Ukienda kwa baba ukamwambia nipe samaki atakuuliza samaki gani. Na kolekole je? Na nguru? Nguru wa bahari kuu ukamuita samaki tu kama kidagaa?

Nikajaribu kumueleza, nikashindwa, mwisho nikamuuliza habari hii inataka tujue nini, samaki gani wanaokua mikokoni ama kwamba mikoko inalea samaki. Akafikiri. Akasema inalea. Haya basi. Lakini alinifunza kitu pia, manake ingekuwa habari ya bei za samaki sokoni angekuwa yeye ndiye mwenye haki na mimi ndiye niliyeharibu. Neno kubwa la kukusanyia si la kila mahali, inategemea habari inauliza nini, na hilo nilikuwa silisemi darasani, nilikuwa nawapa tu kama sheria.

Wiki iliyopita wameandika tena ile ya mikoko, peke yao, mimi nimekaa kimya nyuma. Wengi wamefika kwa sentensi tatu, nne. Wawili wamenakili. Mmoja kapitiliza upande wa pili, ameandika "Mikoko ni muhimu" akaweka kalamu chini, nilipomuuliza waniambiani akateka. Na yule kijana wa mvuvi ameandika vizuri mno, mikoko inashika udongo, inalea samaki wadogo, watu wakiikata sana vyote viwili vinapotea. Halafu pembeni, kwa herufi ndogo, "lakini nguru hayumo". Ni kweli, hakutajwa kwenye habari. Nikampa maksi zote.