Siku moja maishani mwangu: nakata maneno ya Kiingereza

Saa 1 asubuhi laptop ishawaka. Kazi yangu nagawa maneno marefu ya Kiingereza kwa silabi, naweka alama pale mkazo unapoangukia, ili programu ya kusoma kwa sauti iyatamke sawasawa. Watu huuliza "hiyo nayo kazi?" Ni kazi, tena inachosha kichwa kwelikweli.

Mpaka saa 4 ni mteremko, maneno ya -tion tu, mkazo unakaa silabi iliyotangulia, in-for-MA-tion, com-mu-ni-CA-tion.

Saa 5 mteja karudisha faili zima. Anasema photograph nimeweka mkazo mwanzoni, PHO-to-graph, halafu photographer nimeuhamisha, pho-TOG-ra-pher, na photographic nimeusogeza tena, pho-to-GRAPH-ic, yeye anataka yote yafanane. Namuelewa, sisi tumezoea mkazo ukae silabi ya pili kutoka mwisho, SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na, haubahatishi. Kiingereza kila kiambishi cha mwisho kina tabia yake, hiyo -ic kawaida inauvuta mkazo uje jirani yake, halafu Arabic na politics zinakataa. Nikamwandikia yote hayo, wapi, hakuridhika. Nikarekodi sauti yangu nikamwambia ndugu yangu sikiliza ile o ya kwanza, kwenye photograph imejaa mdomoni, kwenye photographer imefifia mpaka huijui ni vokali gani, o ya pili ndo imeamka, sasa ukiung'ang'aniza mkazo mwanzoni programu itatamka neno ambalo hakuna anayelisema. Kimya, halafu akajibu, "Sawa, na comfortable mbona umeandika silabi tatu, mimi nahesabu nne." Nikashusha pumzi. Kwenye maandishi zipo nne, ila midomo ya wengi inasema COMF-ta-ble, na mimi nafuata mdomo.

Kula nimekula sijui saa ngapi. Mchana wote umeishia kwa record, nomino REC-ord, kitenzi re-CORD, kwa hiyo kila sentensi lazima uisome yote ndo ujue, na laboratory naiandika mara mbili, Uingereza wanakaza BOR, Marekani wanakaza LAB, macho yanauma na masikio yenyewe yameanza kukataa.

Giza lishaingia mteja akatuma sauti ya majaribio. Pho-TOG-ra-pher. Nimeirudia mara tatu.