Ziwa lilikula nyumba yetu Kibirizi, sasa tuna mlango wetu Gungu

Naandika kwa sababu bado nasikia wanaopoteza nyumba wakiambiwa: "Gawanyeni watoto kwa ndugu kwanza, mjipange." Nami niliambiwa hivyo, nikakataa. Watoto wangu wanne wote wamelala chumba cha pili ninapoandika hapa.

Ilikuwa Aprili 2024, hapa Kigoma, Ziwa Tanganyika lilipojaa. Mimi na Baba Zawadi tulijaza mchanga viroba zaidi ya sitini, tukavipanga upande wa ziwani hadi usawa wa dirisha. Vingine niliazima kwa akina mama wenzangu wa dagaa. Siku tatu mgongo haukunyooka. Usiku wa tatu mawimbi yalipiga, viroba havikutikisika, tukalala tunamshukuru Mungu. Alfajiri nikashusha mguu kitandani, nikakanyaga maji. Yalikuwa yamechimbuka chini kwa chini, katikati ya sakafu! Tukachota kwa ndoo hadi saa tano, na kadiri tunavyochota ndivyo yanavyokuja. Tofali zetu zilikuwa za udongo usiochomwa. Jioni ukuta wa jikoni ulikaa chini wenyewe. Mzee jirani alikuwa ametuonya: ziwa hili maji yake yana njia moja ya kutokea, mto Lukuga kule Kongo, kwa hiyo mvua ikizidi msitegemee yapungue wiki hii wala ijayo. Mkiona ziwa limefika uani, acheni viroba, ng'oeni bati. Sisi tuliokoa bati kumi na nne na mlango wa mbele.

Kwa shemeji tulikaa wiki mbili, watu kumi na mmoja vyumba viwili. Mtendaji wa mtaa akatuandikia barua, ustawi wa jamii wakatupeleka makao ya muda ya parokia.

Pale wanaume hulala upande wao, na geti hufungwa saa moja jioni. Baba Zawadi ilimuuma sana. Mimi kilichonikera ni daftari la akiba la Sista. Kila jioni: "Mama Zawadi, umeleta nini leo?" Mei 15 uvuvi ukafungwa ziwa zima hadi Agosti 15, dagaa hakuna, nikawa nanunua dumu la mawese, napima kwenye chupa ndogo, nauza mtaa wa Mwanga. Siku mbaya nilimwambia Sista sina kitu. Akasema, "Hata mia mbili, mama, lete." Nilimkasirikia. Leo namwombea kila siku, maana mwisho wa Julai daftari lile lilisoma laki mbili na kitu, na mimi kwa mkono wangu nisingezifikisha.

Tatizo likawa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na mwezi wa dalali. Mmoja alikula elfu sabini zetu, simu haikupatikana tena. Usimpe dalali hela kabla mwenye nyumba hajakufungulia mlango mwenyewe.

Ndipo nikaliona pagale Gungu, limeezekwa, majani yamefika dirishani. Nikaenda kwa mjumbe asubuhi, "Mwakeye, mzee," nikamsalimu kwa Kiha, nikauliza la nani. Mwenyewe yuko Dar. Tukampigia palepale kwa mjumbe. Nikamwambia: "Kaka, nyumba yako wanalala walevi. Tuingie sisi, tumwage sakafu, tuweke milango, gharama ukate kwenye kodi." Akanyamaza kidogo, akauliza nina watoto wangapi. Nikasema wanne, sikupunguza hata mmoja. Akakubali elfu thelathini kwa mwezi. Tuliandikishana mbele ya mjumbe, nakala tatu, na kila risiti ya saruji naipiga picha namtumia siku hiyohiyo. Bila karatasi usiguse pagale la mtu. Utamaliza kulipamba, akuondoe.

Tulihamia Agosti, wiki ambayo boti zilirudi ziwani. Bati zetu zimefunika jiko. Ule mlango wa Kibirizi fundi aliukata vidole viwili chini, pale maji yalipouozesha, ukaingia kwenye fremu bila kupigwa randa.