Bomba la saa tano

Jedwali langu lilikuwa safi: karibu kila nyumba tuliyoihoji pale Kyeshero, mtaa wa Goma, ilikuwa na bomba la maji jirani. Mbona basi watoto walikuwa bado wanashuka Ziwa Kivu na mabidoni ya njano?

Nikarudi bila dodoso, nikaketi juu ya jiwe la volkano kando ya mama muuza makaa. Akanicheka kwanza.

"Baba, bomba wanafungua saa tano. Saa hiyo niko sokoni."

Dodoso liliuliza umbali, saa halikuuliza. (Nililitunga mwenyewe, aibu yangu.) Lakini mama mmoja si mtaa mzima. Nikaongeza swali la saa, tukapita tena nyumba kwa nyumba, safari hii hata kwenye avenue zisizo na bomba, tupate cha kulinganisha.