Siku moja maishani mwangu: nasafisha mti wa vifaa ndani ya keneli ya Linux

Saa moja asubuhi. Chai, chapati ya jana, nimefungua laptopu, nimevuta mabadiliko ya usiku, nikaacha keneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, inajijenga huku naenda kuoga.

Kabla sijaendelea ngoja niwaelezee kazi yenyewe, maana mtaani kwetu najulikana kama fundi simu. Juzi jirani yangu Mama Salma kanigongea, "Baba, hebu nitazamie hii simu haishiki chaji," nikamtazamia, kumbe vumbi tu kwenye tundu, akaniombea dua kwa hiyo kazi yangu ya simu. Sikumbishia. Ila kazi yangu iko ndani zaidi ya hapo. Simu yake ya Android inaendeshwa na keneli ya Linux, na keneli ikiwaka kwenye prosesa ya ARM haijui yenyewe kwamba huku kuna chipu ya sauti na kule kuna ya kuchaji, kwa sababu chipu iliyofungwa kwenye waya wa I2C (njia ya chipu kuongea na prosesa) haijitambulishi. Lazima iambiwe. Ndo kazi ya mti wa vifaa: shina, matawi, kila nodi inasema mimi ni kifaa fulani, anwani yangu hii, saa yangu ile. Mfumo huu ulianzia kwenye Open Firmware, mashine za Sun na PowerPC, ukawa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994, na kwa ARM ulishika kasi baada ya 2011 pale Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alipochoshwa na vurugu za msimbo wa upande ule, kila bodi na faili lake.

Sasa draiva, programu ya kuendesha kifaa, ikitaka nodi inaiazima, hesabu ya walioiazima inapanda moja. Ikimaliza inarudisha kwa of_node_put, hesabu inashuka. Ni kama viti vya shughuli mtaani, asiyerudisha anaharibia wote. Tatizo liko kwenye lupu (msimbo unaojirudia) ya for_each_child_of_node, inayopita matawi ya nodi moja moja. Yenyewe inarudisha nodi ya nyuma kila inaposhika inayofuata, safi kabisa, lakini ukitoka katikati kwa break au return ile ya mwisho unabaki nayo mkononi, na mwandishi wa draiva miaka hiyo alikuwa anasahau. Tangu Linux 6.9 ya 2024 kuna lupu yenye mkia wa _scoped, nodi inajirudisha yenyewe ukitoka kwa njia yoyote ile. Mimi napita draiva za zamani moja moja nazihamishia huko.

Saa tatu hadi saa sita: draiva nyepesi, kujenga kwa GCC, kujenga kwa Clang (vikusanyaji viwili vya msimbo), kubuti kwenye QEMU (kompyuta ya kuigiza), inayofuata. Mhakiki wa Ulaya kaandika kwamba nisichanganye goto (amri ya kuruka) na hizi pointa (viashiria vya nodi) zinazojirudisha, na ana haki, maana goto ikiruka juu ya sehemu pointa inapotangazwa basi kule mwisho inarudishwa takataka, Clang inakataa kujenga, GCC inakupitishia kimya kimya. Kwa hiyo goto zote zinaondoka kwanza.

Saa saba mchana nikafungua draiva moja ya skrini na hapo ndo siku ilipokwama. Lupu ni ya kawaida, inatafuta tawi, ikilipata inatoka kwa break, hairudishi. Nikaibadilisha. Inajenga, inabuti, picha inakuja. Mimi huwa siishii hapo, naichomoa draiva na kuichomeka tena mara nyingi nikiwa nimewasha chaguo la keneli la CONFIG_OF_DYNAMIC, maana bila hiyo of_node_put haifanyi chochote na huoni kosa lolote. Mizunguko michache tu keneli ikaanza kulia kwamba kuna of_node_put mbovu na kumwaga stack yote (orodha ya fankisheni zilizoitana) kwenye kebo ya siriali.

Yaani mabadiliko ni sahihi, nimeyasoma mpaka macho yanawasha, bado inalia. Nikarudisha msimbo wa zamani, kimya. Mpya, inalia. Nikaanza kuweka mstari wa kuchapisha hesabu ya nodi kila mahali, jenga, buti, soma, jenga tena, chakula kimepoa, adhuhuri imeniponyoka mpaka naikaribia alasiri, mgongo unauma, na bado hesabu inashuka moja zaidi ya inavyopanda. Giza linaingia ndo nikaiona, faili lingine kabisa, of_find_node_by_name imepewa lile tawi kama mahali pa kuanzia. Fankisheni hiyo inarudisha nodi unayoipa! Imeandikwa juu yake wazi. Tena haitafuti watoto wa nodi hiyo peke yao, inaendelea na mti wote uliobaki, ikikutana na jina hilo kwa jirani inakuletea la jirani. Kwa hiyo lupu ilikuwa inaazima bila kurudisha, na hii ilikuwa inarudisha kisichoazimwa, makosa mawili yanasawazishana, miaka yote hesabu inatoka sawa na hakuna aliyegundua.

Dawa yake of_get_child_by_name, mstari mmoja. Siku nzima kwa mstari mmoja, na najivunia, maana simu na ving'amuzi vya watu vinakaa juu ya msimbo huu na hakuna atakayejua.

Usiku, sijui saa ngapi. Kilichobaki ni mpangilio. Marekebisho mawili ya makosa yanakaa pachi (kifurushi cha mabadiliko) moja mbele, pamoja, maana ukilitengeneza moja peke yake hesabu haitoki sawa, na yamepewa alama ya Fixes ili matoleo ya zamani nayo yaweze kuyapata. Kuhamia _scoped kunafuata kwenye pachi yake. Nimeeleza yote kwenye maelezo, aya tatu, ili atakayekuja kusoma baada ya miaka asipoteze mchana wake kama mimi. Nimezungusha tena kuchomoa na kuchomeka, hesabu imetulia. Nimetuma.