Tuliagwa Kwenda Ng'ambo

Somo: Matendo ya Mitume 16:6–15

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii mawazo yangu yako kwa vijana wetu ambao safari yao ya huduma imevunjika mabegi yakiwa yamekwisha fungwa. Jumapili niliwaona benchi la nyuma, hawaimbi. Sikuwafuata, kwa sababu benchi lile nalijua.

Mwaka 2020 tulikuwa watu saba tuliotumwa Uingereza kwa wiki tatu, tushiriki Pasaka na waumini wenzetu wa huko. Tulichanga mwaka mzima. Kina mama walikaanga maandazi wakauza baada ya ibada, na fundi mmoja alitushonea mashati ya kitenge asichukue hata senti. Tukaitwa mbele, tukawekewa mikono, tukaagwa kwa machozi. Tulikuwa tuondoke Jumatatu, 23 Machi. Wiki moja kabla, kwa ajili ya korona, skuli zikafungwa na safari za ndege zikaanza kufutwa. Usiku wa Jumatatu ile ile Uingereza ikatangaza watu wake wabaki majumbani.

Kilichoniuma zaidi ni aibu. Mtu aliyekwisha agwa hana pa kuuweka uso. Unapita sokoni Darajani, hapa mjini Unguja, asubuhi, muuza samaki anakuuliza, "Mbona hujaondoka?" Niliomba, sikupata jibu. Wengine waliniambia Mungu ana mpango wake. Walinitakia mema, najua, lakini neno hilo likisemwa mapema mno humfunga mdomo anayemlilia Mungu, na mimi kilio changu kilikuwa hakijaisha.

Ndipo nilipolisoma somo hili polepole. Luka haelezi kwa nini Roho aliwakataza Paulo na wenzake kulihubiri neno Asia, yaani jimbo la Kirumi la siku zile. Wakajaribu Bithinia, hawakupewa ruhusa. Wakateremka Troa. Sisi wasomaji tunaruka upesi kutoka mlango uliofungwa hadi kwa yule mtu wa Makedonia anayesema, "Vuka." Wao hawakuruka. Kati ya aya na aya kuna mwendo mrefu wa miguu, na Paulo, Sila na Timotheo waliutembea bila kujua waendako. Kila jioni walitafuta pa kulala na asubuhi wakafunga viatu. Hapo ndipo ninapoiona imani yao, kabla ya maono yoyote.

Na sisi tunaosali Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, tumezaliwa na safari iliyovunjika. Misheni ya Vyuo Vikuu, wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza, haikutumwa Unguja. Mwaka 1861 ilikwenda Magomero, katika Malawi ya leo, ikiongozwa na Askofu Mackenzie. Homa, njaa na vita vikawamaliza. Mackenzie mwenyewe akafa Januari 1862. Aliyemfuata, Askofu Tozer, akaiondoa misheni kule na mwaka 1864 akaileta kwetu. Livingstone, mmisionari na msafiri ambaye wito wake ndio ulioizaa misheni hiyo, alichukizwa sana na uamuzi huo. Lakini pamoja na Tozer alikuja Edward Steere, akakaa chini kujifunza Kiswahili kwa watu wa mji huu, akachapisha kitabu cha sarufi mwaka 1870, akatafsiri Maandiko. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa letu likawekwa palepale, Krismasi ya mwaka huo. Steere amelala nyuma ya altare. Nipigapo magoti pale huyakumbuka pia makaburi ya kule bara, na sithubutu kusema wale walikufa ili sisi tupate kanisa. Hesabu hiyo ni ya Mungu, siigusi.

Narudi kwetu. Hoteli za Nungwi na Paje zilipokosa wageni, ndugu wengi wa kutoka Bara walirudi kwenye vyumba vyao vya kupanga mjini, mshahara hakuna, nauli ya kurudia kwao hakuna. Dada mmoja wa kikundi chetu akasema, "Ile pesa ya matumizi ya njiani si bado ipo?" Tukawaomba idhini waliochanga, tukanunua mchele, unga, maharage na sabuni. Kisha tukavuka. Asiyeujua mji wetu ajue kwamba Darajani palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari uliokwisha fukiwa, na mitaa ya upande wa pili huitwa Ng'ambo mpaka leo. Tuliagwa kwenda ng'ambo, na Ng'ambo tukafika, kwa miguu.

Chumba cha tatu tulichobisha hodi kilikuwa cha kijana mpishi wa hoteli. Mwenye nyumba, bibi mmoja Mwislamu, alikuwa hajamdai kodi tangu Machi, na Ramadhani ilipoingia akawa anampelekea muhogo wa nazi kila magharibi. Sisi na kilo zetu tano za mchele tulikuta amekwisha lishwa. Nilimkumbuka Lidia. Paulo alimwona mwanamume katika maono akiomba msaada. Alipovuka alikuta wanawake kando ya mto, na mmoja wao akamshurutisha aingie nyumbani kwake akae.

Kijana akatuomba tusali naye. Tulikuwa uani, bibi yupo mlangoni na bakuli mkononi. Tulipomaliza akasema, "Wanangu, mwombeeni na mwanangu. Yuko Maskati, ndege hakuna, hawezi kurudi." Tukafumba macho tena. Tukamwombea mtu aliyekwama ng'ambo, sisi tulioshindwa kwenda. Sala ile sikuitafutia maneno.

Kijana yule alikwisha rudi kazini. Bibi bado tunamtembelea, na mwanawe alirudi. Mwezi uliopita bibi alinipa sahani ya visheti. Vijana wangu, Jumamosi saa kumi jioni nakwenda kumrudishia sahani yake, na kwake sahani hairudi tupu. Njooni mnisaidie kufikiri tuijaze nini.